Ihanda, Ambako Kiangazi Huzaa Maua

Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma, barabara kuu hukushusha kwanza kabla ya kukupandisha. Baada ya Mbalizi, basi la Kosta huteremka kwenye bonde la Songwe na kuupita uwanja wa ndege ulio kwenye kimo cha meta 1,345 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo joto huingia dirishani na abiria huanza kujipepea kwa chochote kilicho mkononi. Kisha unakuja mlima Senjele. Dereva anapangua gia, malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo yanakwea taratibu yakinguruma, na wote waliomo garini wananyamaza, maana mlima huo umemaliza watu wengi. Gari linapotulia tena huko juu, kwenye uwanda wa Mbozi, waliokuwa wakijipepea wanafunga vioo.

Nilipanda Senjele mwanzoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshagusa ardhi. Safari yangu ilikuwa ya Ihanda, kata ya Wilaya ya Mbozi iliyo kando ya barabara hiyo, katikati ya Vwawa na Tunduma. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia wakulima wa matunda wakizungumzia mvua peke yake: imechelewa, imezidi, imekatika. Nilitaka kukaa na watu wa nyanda hizi wanielezee sehemu ya mwaka ambayo hatuizungumzii sana, yaani miezi mikavu na usiku wa baridi, na jinsi inavyofanya kazi ndani ya mti wa tunda.

Kanuni ya kwanza ya safari hii iko barabarani penyewe. Kila unapopanda meta 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Uwanda wa Mbozi, kwa sehemu kubwa, uko juu ya meta 1,500. Ziwa Rukwa, ambalo mito mingi ya uwanda huu hulielekea, liko chini kwenye bonde la ufa, karibu meta 800. Kati ya mahali hapo pawili kuna tofauti ya nyuzi 4 au zaidi, na ndani ya nyuzi hizo chache mpaka wa mwembe na mbuni hupatikana.

Nilishuka Mlowo kununua maji nikajikuta nimekwama sokoni. Palikuwa na mikungu ya ndizi kutoka Rungwe, maparachichi ya kienyeji yenye shingo ndefu ndani ya ndoo, maembe madogo ya njano kutoka bondeni upande wa Kamsamba, na tufaha za Afrika Kusini zilizopangwa kwenye sinia, kila moja na kibandiko chake. Mama aliyeuza ndizi aliniambia mkungu wa Tukuyu na mkungu wa Mbozi si wa kulinganisha. "Huku mgomba unakawia, mwanangu. Unaungoja mpaka unausahau." Alikuwa sahihi kabisa. Mgomba hauna msimu wa kuchanua. Hutoa jani baada ya jani mpaka hesabu ya majani itimie, ndipo mkungu uchungulie. Joto linapopungua, jani jipya huchelewa, na likishuka kufikia nyuzi 14 hivi mmea husimama. Sehemu ya joto na mvua nyingi mkungu huweza kuwa tayari ndani ya mwaka mmoja. Sehemu ya baridi huchukua mwaka na nusu. Rungwe ina mvua karibu mwaka mzima, Mbozi ina miezi mitano au sita ya ukame. Basi ndizi hupandishwa gari zikaletwa huku, na kahawa ya Mbozi hupandishwa gari ikapelekwa mbali zaidi.

Kutoka Mlowo ni mwendo mfupi hadi Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ihanda inafuata. Ukishuka kwenye lami, kelele za malori zinabaki nyuma yako kwa dakika kadhaa za kutembea, kisha unaanza kusikia kuku, watoto na mashine ya kusaga. Udongo ni mwekundu. Migrevilea imesimama kwa mistari kwenye mipaka ya mashamba. Mahindi yalikuwa bado hayajaota, watu wakiwa mashambani na majembe na mifuko ya mbegu.

Harufu ndiyo iliyonipokea kabla ya wenyeji. Kahawa ilikuwa imechanua.

Asiyewahi kuona shamba la kahawa likichanua kwa pamoja nimwambie hivi: matawi yote hujaa maua meupe yaliyoshonana, kiasi kwamba majani hufichika, na hewa yote hunukia tamu, karibu na asumini. Huchukua siku mbili au tatu tu. Siku ya nne maua yamegeuka kahawia, na kilichobaki ni kitunda cha kijani kidogo kuliko punje ya mtama.

Mzee aliyenipokea, mkulima wa kahawa tangu ujana wake, alinipeleka katikati ya mistari akashika tawi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuliachia tawi. "Haya maua unayoyaona leo," akasema, "hayakuzaliwa na mvua hii. Yalikuwepo tangu kipupwe. Yalikuwa yamelala."

Hivyo ndivyo mbuni ulivyo. Vitumba vya maua hujitengeneza kwenye vifundo vya matawi katika miezi ya baridi, vikakua mpaka ukubwa wa punje ya mchele, vikasimama. Havifunguki. Vinahitaji kiu. Mti lazima upite wiki nyingi za ukame, maji ndani yake yapungue, ndipo kizuizi kilichomo ndani ya kitumba cha ua kilegee. Hapo mvua ya kwanza ya kutosha ikinyesha, hewa ikapoa ghafla na mizizi ikanywa, maua hufunguka baada ya siku nane hadi kumi na mbili hivi. Mbuni uliopata maji mwaka mzima huchanua ovyo, tawi moja leo na jingine mwezi ujao. Kwa hiyo ule ukame wa Juni hadi Oktoba, ambao mgeni angeuita miezi ya njaa ya shamba, ndio unaoandaa mavuno. Kilimanjaro hupata mvua misimu miwili kwa mwaka, na huko uchanuaji hutawanyika zaidi. Mbozi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi kimoja kirefu kinachoeleweka. Kwa kahawa ya Arabika hiyo ni neema, na ni sababu mojawapo ya wilaya hii kuwa miongoni mwa zinazoongoza nchini kwa zao hilo.

Neema hiyo ina masharti. Mzee alinionyesha tawi jingine, lenye vitu vitatu kwa wakati mmoja: vitunda vya kijani vilivyokwisha kukaa, maua mapya meupe, na vitumba vya maua ambavyo bado vimelala. "Mvua ya kudanganya," akaiita. Ilinyesha mwezi uliotangulia, ikatosha kuamsha baadhi ya maua, ikakatika. Jua likarudi kali. Mengine yalifunguka nusu, yakabaki ya kijani na magumu kwa umbo la nyota, na hayo hayazai. Mvua iliyofuata ikaamsha kundi la pili. Itakayokuja itaamsha la tatu.

Hasara yake huonekana baada ya miezi mingi. Tunda la Arabika huchukua miezi saba hadi tisa tangu ua mpaka kuiva. Kama maua yote yamefunguka wiki moja, matunda huiva kwa karibu pamoja, na wachumaji wanapita shambani mara chache. Yakifunguka mara tatu au nne, tawi moja hubeba nyekundu, njano na kijani, na mkulima analipa vibarua wapite tena na tena, au anachoka akachuma mbivu na mbichi kwa pamoja. Kahawa mbichi ikiingia kwenye mtambo wa kukoboa huharibu daraja la kundi zima la chama cha msingi cha ushirika. Mtu wa mjini atakayeinywa kahawa hiyo na kuona ina ukakasi hatajua kwamba kosa lilianza Oktoba, katika mvua ya siku mbili.

Kuna jambo la pili ambalo mzee alilisema kwa sauti ya chini. "Baridi ya Juni imepungua. Zamani usiku wa Juni hutoki nje bila blanketi." Maneno kama hayo kila mzee wa kila kijiji huyasema, na msikilizaji mwepesi huyachukulia kuwa kumbukumbu za ujana. Kwa kahawa ya Tanzania yana ushahidi. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na A. C. W. Craparo wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walichapisha uchunguzi wa mavuno ya Arabika nchini mwetu tangu miaka ya 1960. Walichokikuta ni kwamba kinachoyashusha mavuno zaidi ni joto la usiku. Kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye kiwango cha chini cha joto huondoa kilo 137 hivi kwa hekta. Kwa nchi ambayo wakulima wengi wadogo huvuna kilo mia chache tu kwa hekta, hilo ni pigo zito.

Sababu yake inaeleweka. Mchana jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Usiku mti huitumia sukari hiyo kupumua. Usiku wa baridi mti hupumua polepole na akiba hubaki kwa ajili ya tunda. Usiku wa joto mti hula akiba yake wenyewe. Tena tunda huharakisha kuiva kabla punje ndani haijajaa, na punje iliyoharakishwa huwa nyepesi na ladha yake chapwa. Arabika hupenda wastani wa nyuzi 18 hadi 22 hivi. Nyanda za Mbozi bado zimo ndani ya kipimo hicho, ila hazina pa kupandia zaidi. Mkulima wa Kilimanjaro akiona joto limempata chini anaweza kutamani shamba la juu, ingawa juu kuna msitu wa hifadhi. Uwanda wa Ihanda ni tambarare na mabonde madogo. Juu yake kuna anga.

Wadudu nao husoma kipimajoto. Ruhuka, yule mdudu mweusi mdogo anayetoboa kitako cha tunda la kahawa na kutaga ndani ya punje, hashughuliki sana joto likiwa chini ya nyuzi 15. Likipanda, vizazi vyake kwa mwaka huongezeka. Mama wa nyumba ile alinipasulia tunda kuukuu lililobaki mtini tangu mavuno, akanionyesha tundu na unga wa kinyesi ndani. Aliniambia watoto wake huokota matunda yaliyoanguka na kuyachoma, kwa sababu ndimo ruhuka hukaa kiangazi chote akingoja matunda mapya. Chulebuni ni kinyume chake: kuvu huyo hupenda ubaridi na unyevu, na huozesha matunda machanga wakati wa mvua ndefu. Mkulima wa hapa anasimama kati ya wawili hao. Kituo cha Mbimba, tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania lililo hapa Mbozi, hutoa miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Niliona mingi ikiwa michanga, imepandwa kati ya mibuni mikongwe iliyokatwa kisiki.

Tuliketi barazani, mzee akakumbuka mwaka ambao bei ya kahawa ilipanda mpaka watu wakadhani ni uongo. Nilimweleza chanzo chake. Julai 1975 sakitu kali ilishuka kwenye jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil, ikaua mamilioni ya mibuni kwa usiku mmoja au miwili, na kufikia 1977 bei ya dunia ilikuwa imepaa. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe tulikula jasho la wenzetu walioungua na baridi." Hakuwa akichekesha. Sikupata la kumjibu, na sidhani lipo.

Kesho yake nilipelekwa kwenye shamba la maparachichi la jirani, mama mjane aliyeng'oa sehemu ya kahawa yake akapanda Hass. Nyanda zote za juu kusini zimeshikwa na zao hili: Njombe, Rungwe, Mbeya, na sasa Songwe. Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuingiza parachichi letu katika soko lile, na tangu hapo vitalu vya miche vimeongezeka kandokando ya barabara. Niseme wazi kwamba nafurahia zao hili kwa dhati. Linampa mkulima mdogo fedha bila kumwachisha mahindi. Ila watu wanalipanda kama kwamba kila shamba lina hewa moja, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Mjane yule alikuwa na miti ya miaka minne, mizuri, majani yanang'aa. Miti ilikuwa imechanua sana na imeshika kidogo. Alidhani ni mbolea. Tulikaa chini ya mti mmoja tangu asubuhi, na ua lenyewe likatueleza. Ua la parachichi hufunguka mara mbili. Kwa Hass, mara ya kwanza hufunguka asubuhi likiwa jike, tayari kupokea chavua, adhuhuri hufumba, kesho yake mchana hufunguka tena likiwa dume, likitoa chavua. Aina ya Fuerte hugeuza saa: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Miti ya aina zote mbili ikiwa jirani, nyuki hubeba chavua ya huyu kumpelekea yule kwa saa inayofaa. Hewa inapokuwa ya baridi, saa hizi huvurugika. Ua la Hass lililopaswa kufunguka asubuhi hungoja mpaka alasiri, wakati nyuki wa nyanda za juu wameanza kurudi mzingani, na chavua iliyokwisha kutua hushindwa kuota vizuri. Kwenye shamba lile kulikuwa na Hass peke yake. Mzinga wa karibu zaidi ulikuwa mbali, na upepo wa Septemba na Oktoba, unaopiga uwandani bila kizuizi, ulikuwa umekwisha kupukutisha nusu ya vishada.

Mti mkubwa wa parachichi huweza kutoa maua laki nyingi, na yanayogeuka matunda hayafiki hata moja kwa mia. Kwa kima hicho kidogo, asubuhi chache zenye ubaridi na mawingu zinatosha kuutoa mwaka mzima mikononi mwa mkulima. Nilimshauri, na afisa ugani aliyekuwa nasi akaunga mkono, aingize miti michache ya Fuerte kati ya Hass, aweke mizinga, na apande migrevilea upande unaotoka upepo. Fuerte yenyewe ina historia ya kufaa hapa. Vikonyo vyake vilitoka Atlixco, Mexico, mwaka 1911, na miti yake ikajulikana California baada ya kuhimili sakitu ya mwaka 1913 iliyoua aina nyingine nyingi.

Tulishuka mpaka mwisho wa shamba, kwenye sehemu ya bondeni yenye udongo mzito. Miti mitatu huko ilikuwa na majani ya njano na matawi yaliyokauka ncha. Msimu wa mvua kubwa wa mwaka 2023 kuingia 2024, wakati wa El Nino, maji yalisimama pale. Mzizi wa parachichi hauvumilii maji yaliyotuama hata kwa siku chache. Hukosa hewa, kisha kuvu wa maji huingia na kuuozesha. Hata mti mama wa Hass zote duniani, ule uliooteshwa na Rudolph Hass huko La Habra Heights, California, na kupewa hataza mwaka 1935, ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa huohuo wa kuoza mizizi. Miti ile mitatu ya Ihanda haitapona. Mama aliipapasa magome, akasema mahali pale atapanda magimbi.

Kimo huamua pia siku ya kuvuna. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa, likajaza mafuta, likangoja kuchumwa ndipo lilainike. Chini kwenye joto hukomaa mapema. Juu kwenye baridi hukawia kwa miezi, na likikawia hivyo hujaza mafuta vizuri. Mnunuzi anayekuja na lori na tarehe moja kwa wilaya nzima, akiwataka wote wachume, anachukua la bondeni lililokomaa na la uwandani ambalo bado ni maji. La pili litasinyaa likifika sokoni, na jina litakaloharibika ni la Tanzania.

Kutoka hapo nilitaka kuona upande wa chini wenye joto, nikarudi Mlowo na kushika barabara ya Kamsamba. Inaacha uwanda, inashuka kuelekea bonde la Rukwa, na kadiri unavyoshuka kahawa inakonda, inatoweka, nyasi zinakuwa ndefu na kavu, kisha miembe inaanza. Miembe ya huko ni mikubwa, ya kivuli kizito, imepandwa na watu ambao wajukuu wao sasa wana wajukuu. Watoto walikuwa wamekaa matawini. Ihanda nako kuna miembe, niliihesabu ua kwa ua: mirefu, mizima, yenye majani mengi, na matunda haba. Wenyeji waliniambia huiweka kwa ajili ya kivuli.

Mwembe nao hudai adhabu kabla ya kuzaa. Hudai usiku wa kupoa na udongo mkavu kwa wiki kadhaa, na hapo ncha za matawi, badala ya kutoa majani, hutoa maua. Bonde la Rukwa lina Juni na Julai kavu, mchana wa joto la wastani na usiku unaopoa vya kutosha, kisha joto kali la Septemba na Oktoba la kuiva. Uwandani baridi ileile huzidi. Maua yanayofunguka kwenye baridi kali huwa madume kwa wingi, ubwiriunga huyavika vumbi jeupe, na machache yanayoshika hukawia mpaka mvua zikayakuta, chule ikayatia madoa meusi. Mti huohuo, mbegu ileile, umetenganishwa na meta mia saba za kimo.

Tufaha zimeenda mbali zaidi katika kudai baridi. Mti wa tufaha wa nchi za baridi huhesabu saa za ubaridi chini ya nyuzi 7 hivi, na usipopata mamia ya saa hizo, vitumba vyake hubaki vimelala hata majira ya kuchipua yafike. Kuna aina zinazodai kidogo, kama Anna iliyozalishwa Israel, nazo zinaweza kuzaa kwenye nyanda zetu za juu sana. Huko Batu, kisiwani Java, wakulima wa tufaha hung'oa majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha mti uchanue bila kipupwe cha kweli. Kijana mmoja wa Ihanda alikuwa na miche kadhaa ya tufaha nyuma ya nyumba, anaitunza kwa bidii, na aliniuliza kama itazaa. Nilimuuliza aina, hakuambiwa alipoinunua. Nikasikitika, maana muuzaji alikuwa na wajibu wa kujua.

Nilimalizia Tunduma, sokoni, upande wa pili wa uzio ukiwa Nakonde, Zambia. Foleni ya malori ilikuwa imefika mbali nje ya mji. Pale mpakani hali ya hewa inaonekana kwa macho: mwaka 2024, mvua za El Nino zilipokuwa zimejaza mashamba ya huku maji, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, tarehe 29 Februari. Mawingu yale yale yalimwagika upande mmoja wa nchi zetu yakaunyima mwingine. Mfanyabiashara wa matunda aliniambia mwaka ule alipandisha maembe, machungwa na ndizi kwenda Zambia kuliko kawaida, na mwenzake wa Nakonde hakuwa na la kumletea.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kila mwaka, na wakulima niliokaa nao huusikiliza redioni. Unazungumzia mkoa. Mti wa tunda hauishi mkoani. Unaishi kwenye shamba moja, lenye bonde lake, upepo wake na usiku wake. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya msingi vya kahawa Mbozi, na halmashauri inayokusanya ushuru wa mazao hayo: wekeni kipimamvua na kipimajoto kwenye kila chama, mpeni mtu mmoja kazi ya kuandika usomaji kila asubuhi, hasa ule wa usiku, na daftari lisomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na hesabu za fedha. Vifaa hivyo ni vya bei ndogo. Bila daftari hilo, mzee wa Ihanda ataendelea kusema baridi imepungua, na hakuna atakayeweza kumwambia ni kwa kiasi gani.

Nawe msomaji unayetaka kupanda parachichi, embe au tufaha mwaka huu, usitoe fedha kwanza. Muulize mwenye kitalu mambo manne: mche huu ni wa aina gani, umebebeshwa juu ya shina gani, unafaa kimo gani, na unahitaji mwenza gani wa kuchavusha. Akishindwa kukujibu, mwachie mche wake, nenda Mbimba ukaulize.